Ukuta wa Upande wa Barabara

Guyo alizikwa kabla sijafika. Wenzetu Waislamu hawakawii na maiti, na mimi asubuhi ile nilikuwa Nanyuki, juu ya ngazi, nikigombana na vijana wangu waliokuwa wakipaka rangi mpya juu ya ukungu wa zamani. Simu ilipoingia nilishuka, nikanawa mikono kwa tapentaini na kupanda gari la kwanza la kwenda Isiolo. Nilipofika kwa Guyo, mtaa wa Bulla Pesa, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini na kukaa chini ya turubai, wakinywa chai bila maneno mengi. Nilitoa pole, nikaelekezwa chumba cha wanawake. Nina ugonjwa wa kutazama kuta kabla sijatazama watu, na ukuta wa chumba kile ulikuwa umebanduka rangi kuanzia sakafuni hadi kwenye dirisha. Mganga hajigangi. Mtu aliyepaka nusu ya mji huu amekufa ndani ya nyumba iliyochunika, na nilipoliona hilo nililia kwanza, ndipo nikamsalimia mjane.

Tulikuwa tumekaa mikekani, sinia la wali na nyama ya mbuzi katikati yetu, alipoingia mwanamke aliyenizidi umri kidogo, sweta mgongoni na kitambaa kichwani, amebeba thermos ya chai kila mkono. Alikuwa Mmeru na Mkristo, lakini mjane alimwita kwa jina na kumpisha akae karibu naye, kama anavyopishwa mtu wa nyumbani. Taya lake la kushoto limekaa upande kidogo. Nililijua taya kabla sijaijua sura. Alikuwa Karimi. Alisogea akaketi kando yangu, akanishika mkono. Tulikuwa hatujaonana tangu ujana wetu, na nyuso zetu zilihitaji kuzoeana upya.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wazazi wangu, mifugo yetu ilivyokwenda na kilichotuleta mjini ni hadithi ya kila Mturkana wa Isiolo, na anayeitaka ataisikia popote. Mimi naanzia kwa Guyo. Nilikuwa nikibeba mchanga na maji kwenye ujenzi, kazi walizoachiwa wanawake, na siku moja kuli mmoja alinishika makalio nikiwa na debe kichwani. Nililiweka debe chini kwa adabu, nikaokota mpini wa koleo na kumpiga nao mpaka akakaa. Guyo alikuwa juu ya ngazi akipaka mbao za ukingo wa paa. Hakushuka kuamua ugomvi. Alitazama mpaka nikamaliza, kisha akauliza kama mkono huo unaweza pia kukwangua ukuta. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye rangi, na sijatoka mpaka leo.

Alikuwa Mborana mwembamba wa miaka kama arobaini, mguu mmoja mfupi kwa sababu ya risasi aliyopigwa kisimani siku ya uvamizi wa wezi wa mifugo, na hasira fupi kuliko mguu. Alifundisha kwa kelele na kwa mpini wa brashi. Nikisahau kukung'uta chumvi iliyoota ukutani kwa brashi kavu kabla ya kupaka, mpini unanishukia kwenye vidole. Nikichanganya rangi kwa maji ya kisima cha chumvi badala ya yale matamu yaliyoletwa na punda, mpini tena. Wakati mmoja nilipaka ukuta uliokuwa umechomwa na jua la adhuhuri, rangi ikafanya malengelenge kabla hata sijafika mwisho wa mstari, naye akanizaba kofi. Nilimpiga na ndoo. Ilikuwa na maji tu, lakini ilikuwa ya chuma. Alikaa chini akashika kichwa, akacheka, akasema sasa tumejuana. Tangu siku ile hakunigusa tena, na mimi sikupaka tena ukuta wa moto. Kuanzia saa sita mpaka saa kumi tulikuwa tunaweka brashi kwenye maji, yeye anakwenda kuswali, mimi nakwenda kula kwa Mama Halima, na ukuta tunauachia jua.

Isionekane kuwa ni sisi wawili tu tuliokuwa wakali. Mwaka ule mji wote ulikuwa umeshika mawe. Upande wa Ngaremara bunduki zililia kwa sababu ya ngamia, na magari ya kwenda kaskazini yalingojeana ili yaende kwa msafara wenye askari. Sokoni watu walichomana visu kwa nafasi ya kuweka gunia. Walimu walipiga watoto, watoto walipiga punda. Kwenye kibanda cha Mama Halima, tukila anjera kwa maharagwe na kunywa chai ya maziwa ya ngamia, nilisikia habari za kupigwa na kuuawa zikipita mezani pamoja na chumvi. Fulani amepigwa shoka, pole, niongezee sukari. Masikio yetu yalikuwa yameota sugu. Ukisikia mlio unauliza kwanza ni mbali au karibu, na ukiwa mbali unaendelea kutafuna. Kuhusu mwanamke anayepigwa na mumewe, hilo halikuhesabiwa hata kuwa mlio. Lilikuwa jambo la nyumba.

Katika mwaka huo Bwana Mwenda alituita tupake nyumba yake kwa nje. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini: misumari, mabati, simiti na rangi. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara, pale ambapo kila anayeingia mjini lazima aione, na alitaka ipakwe rangi aliyokuwa akiuza ili watu waone wenyewe. Alikuwa mtu nadhifu, mwimbaji wa kanisani, mwenye sauti ya chini. Nyumba aliikuta ya udongo, akaijenga upya kwa mawe kidogo kidogo kutoka nyuma kuja mbele, na uliobaki wa zamani ni ukuta mmoja tu, ule wa chumba cha kulala, upande wa barabara. Ulikuwa wa miti na udongo, ukavikwa plasta ya simiti bila waya wa kuku ndani yake wa kuishikilia, kisha plasta ikachorwa mistari ifanane na mawe. Guyo aliugonga kwa kiungo cha kidole na kukunja uso. Alimwambia Bwana Mwenda kuwa simiti na udongo hawapendani na kwamba ukuta ule hautaki mchezo. Bwana Mwenda akasema kwa upole kwamba ametafuta wapaka rangi, hajatafuta washauri.

Tuliifanya kazi ile vizuri, na hilo nitalisema hata siku ya hukumu. Tulikwangua mpaka tukafika mahali pagumu, tukaziba nyufa, tukasubiri zikauke, tukapaka mkono wa kwanza mwepesi na mikono miwili mizito juu yake, asubuhi na jioni tu. Rangi ilikuwa ya maziwa yenye chai kidogo, na chini mkanda mwekundu wa kuficha matope yanayorushwa na mvua. Watu walisimama kutazama. Haikupita wiki moja, ukuta wa barabara ukapasuka. Kwenye kimo cha bega palikuwa na bonge la plasta lililoinuka na kubanduka, na rangi yangu nzuri imelala chini vipande vipande. Tukaziba, tukapaka. Siku chache baadaye pakapasuka tena, umbali wa mkono mmoja pembeni.

Guyo alimshuku kila kiumbe mwenye miguu minne. Kwanza walikuwa mbuzi, kwa sababu mbuzi wa Isiolo hulamba kuta kutafuta chumvi, na kweli kulikuwa na alama za ndimi. Kisha akawa punda wa muuza maji, ambaye alipenda kujikuna pale. Tulikata matawi ya miiba tukazungushia ukuta kama boma la ndama, watu wakatucheka, wakauliza kama nyumba imezaa. Ukuta ukapasuka ndani ya boma lake. Bwana Mwenda alikuja akasimama na suti yake, akatazama, kisha akamzaba Guyo kofi mbele ya watu, akamwambia rangi yake haina ubaya wowote, ubaya ni mikono ya watu wasiojua kazi. Nilimwona Guyo akiutazama mtaimbo uliokuwa chini, kisha akaangalia pembeni. Mborana kumpiga Mmeru mwenye duka, mwaka ule, ingekuwa kuwasha kiberiti kwenye majani. Alilimeza kofi lile.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo Guyo alilibeba mpaka kaburini. Alikuwa ameaibishwa, akatafuta jibu la haraka, na jibu la haraka la fundi wa rangi ni maji. Rangi ya nje mara nyingi husukumwa na maji ya ndani: mtu anafua chumbani, anamwaga ndoo, udongo unakunywa, na unyevu ukitafuta njia ya kutoka unaisukuma rangi. Hakupima. Alimwambia tu Bwana Mwenda, kwa heshima, amwambie mama wa nyumba asimwage maji ndani ya chumba kile. Bwana Mwenda akaitikia kwa kichwa, akasema asante sana fundi, sasa umenisaidia. Alisema kwa sauti ile yake ya chini, na akaingia ndani.

Karimi, mke wa Bwana Mwenda, nilikuwa namwona kwa nadra. Alikuwa akitutolea chai asubuhi, kwenye vikombe vya kigae vya wageni si vya bati, na mkate uliopakwa siagi, jambo ambalo hakuna mwenye nyumba mwingine aliyetufanyia. Mtoto wao, Kendi, alikuwa amepelekwa kwa nyanya yake, kule Maua. Asubuhi iliyofuata ile habari ya maji, chai haikuja mpaka jua lilipokuwa kali, na alipoitoa alikuwa amejifunga kitambaa kikubwa kilichoshuka mpaka kwenye nyusi. Jicho moja halikuonekana. Nilimuuliza nini kimempata, akasema ameteleza kwenye maji. Guyo aliyasikia maneno hayo akiwa ameshika kikombe. Alikunywa chai yote, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili, na siku hiyo hakunipigia kelele hata nilipoangusha kopo la rangi.

Jioni alibandika kipande cha nailoni ukutani, akaziba kingo zake zote kwa utepe wa gundi. Ndiyo njia ya kupima unyevu, na ndiyo aliyopaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo. Asubuhi akakibandua. Kilikuwa kikavu kama mfupa. Alikaa chini akaokota vipande vya plasta vilivyoanguka, akavigeuzageuza. Ukuta unaosukumwa na chumvi hutoa unga, unaosukumwa na maji hutoa malengelenge, unaochomwa na jua hutoa magamba. Huu ulikuwa umepasuka kama ganda la yai ambalo kifaranga amelidonoa kutoka ndani. Nadhani alijua pale pale. Mimi bado. Aliniambia tuzibe, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Siku niliyojua mimi ilikuwa siku ya mawingu. Isiolo haina nyingi za namna hiyo. Ukuta ulibaki baridi mpaka adhuhuri, na Guyo akasema nisiende kula, niendelee wakati yeye yupo msikitini, maana ukuta baridi ni bahati. Bwana Mwenda alipita akiwa amefunga duka kwa chakula cha mchana. Alinipa salamu, akaingia ndani. Nikasikia sahani ikiwekwa mezani, kisha sauti yake ikiuliza kitu kuhusu nyama, kwa Kimeru, polepole, kisha kimya. Nilikuwa nimeweka shavu na kiganja ukutani kusikia kama kiraka kimekauka, maana ngozi ya shavu hujua unyevu kuliko vidole. Ukuta ukanipiga. Sina namna nyingine ya kulisema. Uliruka ukanigonga usoni, na plasta ikatoka karibu na sikio langu, kisha nikasikia pumzi ya mtu ikitoka yote kwa pamoja upande wa pili. Kati ya shavu langu na mgongo wa Karimi palikuwa na udongo wa unene wa kiganja. Ukuta ukanipiga tena. Hakulia. Nilichosikia ni yule bwana akihema kama mtu anayepasua kuni.

Nilitapika kwenye ile miiba. Guyo aliporudi nilimwambia, nikilia na kutukana, na nikamwambia tuingie sasa hivi. Alinishika mabega, akanipeleka kando, akasema, akiniita binti kwa Kiborana, "Intala, hiyo ni nyumba ya mtu. Mimi nikiingia kwa chumba ya bibi ya Mmeru, kesho mji inachomeka. Watasema nilikuwa namtaka." Nilimwambia wewe ndiye uliyemwambia ni maji. Nilimchukia kwa kuwa alichosema kuhusu mji kilikuwa kweli. Nilikwenda kwa mzee wa kanisa la Bwana Mwenda, akanipa kiti na soda, akasema ndoa ni msalaba na atawakumbuka kwenye maombi. Kwa Mama Halima nilipaaza sauti mezani nikasema yule mwanamke atauawa. Watu wakaangalia sahani zao. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba mimi ni msichana, nikiolewa nitaelewa. Nilimmwagia chai, na nikafukuzwa kibandani kwa siku kadhaa.

Karimi mwenyewe nilimfuata mlangoni nikijifanya naomba maji. Nilimwambia najua. Alinitazama kwa jicho lililokuwa zima, akanijazia kikombe, akasubiri ninywe, akakipokea. Akaniuliza kama kesho tutakuja. Nikasema tutakuja. Akafunga mlango.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Tulikuwa tumekuja na mtaimbo kwa sababu Guyo alitaka kuibomoa plasta yote ya ukuta ule na kuanza upya na waya wa kuku. Jua lilipopanda aliondoka kwenda kuswali, nami badala ya kwenda kula nilikaa kwenye kivuli cha nyumba ya jirani. Bwana Mwenda aliingia, na safari hii hakukuwa na swali kuhusu nyama. Nilisikia komeo la mlango, kisha ukuta. Ukapigwa, ukapigwa, na rangi ikaanza kudondoka mpaka chini ya dirisha. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamsikia Karimi. Hakuita msaada. Alisema tu jina la mtoto wake. Nilipiga mlango kwa mabega, haukutikisika, maana ulikuwa wa mbao nzito kutoka kwenye duka lake mwenyewe. Nikarudi, nikachukua mtaimbo na kuanza kuupiga ukuta nilioupaka kwa mikono yangu. Nilikuwa napiga ovyo, nikipiga miti badala ya udongo, na mtaimbo ukinirudia mikononi.

Mkono ukaushika mtaimbo kutoka nyuma. Alikuwa Guyo, kofia yake ya swala bado kichwani. Niligeuka nimng'ate, nikidhani amekuja kunizuia tena. Aliniambia, "Si hapo. Hapo iko nguzo." Akaninyang'anya mtaimbo, akapapasa ukuta kwa kiganja mara moja, akauzamisha pale kati ya nguzo mbili ambapo fito zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ukuta ukafunguka. Mimi nikang'oa udongo kwa kucha, nikavunja fito kwa mguu, na ndani ya vumbi nikaona mkono. Niliushika nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na Karimi akatoka barabarani, kichwa mbele, nguo imechanika, taya limening'inia, damu na udongo vimechanganyika usoni mpaka hakuonekana ni wa kabila gani.

Bwana Mwenda alizunguka kwa mlango wa mbele na panga. Hakumtafuta Karimi, alimtafuta Guyo. Guyo alikinga kwa mkono na panga likaingia kwenye mfupa, nikausikia mlio wake. Gunia letu la chokaa lilikuwa wazi. Nilichota kwa mikono yote miwili nikammwagia usoni, na alipoangusha panga akishika macho, nilichukua mtaimbo nikampiga goti. Alianguka nikampiga goti lile lile. Nilifurahi. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimesikia mahubiri mengi, na furaha ile haijanitoka. Ningempiga la tatu kama Guyo, kwa mkono wake uliobaki, asingenikumbatia na kunivuta nyuma.

Watu walikuwa wameshajaa. Kutoka madukani walikuja Wameru na rungu na vyuma, kutoka msikitini walikuja Waborana wenye mawe, na vijana wetu wa Kiturkana walikuja kwa kuwa waliniona mimi nina damu. Walisimama pande zao, na katikati alikuwa mtu wao mmoja amelala chini akilia na mtu wao mwingine anavuja damu. Mtu alisema Mborana amevunja nyumba kumchukua bibi ya watu. Nilisikia mawe yakibadilishwa mikono. Karimi alikuwa amekaa chini. Alishika taya lake kwa kiganja ili liweze kusema, akainuka akisaidiwa na ukuta, akasimama mbele ya Guyo.

"Hakuna mtu amenichukua," alisema. "Nimetoka. Ingieni muone nimetoka wapi."

Akairudia kwa Kimeru. Mzee mmoja mwenye duka la nafaka, aliyekuwa mbele na rungu, alikwenda kwenye shimo akainama kuchungulia. Kutoka pale barabarani kila mtu aliweza kuona: kitanda kilichotandikwa vizuri, meza yenye chakula, na upande wa ndani wa ukuta ule, kwenye kimo cha bega, udongo uliobonyea wenye nywele na damu, mpya na ya zamani. Mzee alikaa ameinama vile kwa muda. Aliponyooka alikuwa ameliacha rungu lake chini, na hakuliokota. Waliokuwa nyuma yake wakaanza mmoja mmoja kuja kuchungulia, Mama Halima naye, na yule aliyeniambia nikiolewa nitaelewa. Hakukuwa na vita siku ile.

Wazee wa pande zote walikaa, wakasema nyumba ya mtu haivunjwi, na kwamba Guyo ataurudisha ukuta kwa mikono yake. Hakubisha. Aliujenga akiwa na mkono uliofungwa, mimi nikimkorogea udongo, na akaupaka rangi kwa mkono wa kushoto. Ukuta ule haukupasuka tena. Bwana Mwenda alichukuliwa na ndugu zake, jicho moja limeingia ukungu, na sikuuliza habari zake. Karimi alitibiwa, akamfuata Kendi kule Maua, kisha dada yake Guyo, aliyekuwa ameolewa kule Kinna, akamtafutia kipande cha shamba la kumwagilia maji huko Rapsu. Akalima vitunguu na nyanya, akamsomesha binti yake. Mimi nilikwenda Nanyuki mwaka huo haujaisha. Guyo alisema mji huu ukinizoea nitauawa au nitaua, na alikuwa akinijua.

Hayo yote nilikuwa nimewasimulia wale wanawake mikekani, mjane akiitikia kwa kichwa, wasichana wakiacha kula. Nilisimulia vizuri, nadhani, na sehemu ya shavu langu ukutani niliisimulia kwa majivuno kidogo, jinsi nilivyogundua kile ambacho mji mzima haukutaka kukijua. Karimi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijazia chai kwenye kikombe, akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayerekebisha jina la mahali.

"Akiru, ile chumba ilikuwa na kuta nne. Tatu zilikuwa za mawe. Hizo hata angenivunjia kichwa hapo, huko nje hakuna mtu angeona kitu. Kila akinishika, nilikuwa najivuta nikuje upande wa barabara."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, siku ile nilipomfuata mlangoni.

"Nikuambie, halafu? Ungesikia uchungu, uende nyumbani," alisema. "Lakini rangi ikitoka, ilikuwa lazima mrudi."